Hesabu za Kiwanda na Sacco: Namna ya Kuzisoma Kabla ya Mkutano Mkuu

Kuanzia mwishoni mwa Septemba, swali huwa moja Mogogosiek nzima, kwenye vituo vya kununulia chai, sokoni, ndani ya matatu ya Litein: bonasi ni ngapi? Jibu huja kama namba moja, shilingi na senti kwa kila kilo ya majani. Miezi michache baadaye Sacco nayo hutangaza namba yake, asilimia ya gawio na ya riba ya akiba. Mtu hulinganisha na mwaka jana, akafurahi au akanung'unika, na hapo hesabu za mwaka zimekwisha.

Namba hizo mbili hueleza machache. Bonasi ni kilichobaki baada ya gharama zote kutolewa, na gharama zenyewe huzioni hapo. Gawio nono linaweza kulipwa na Sacco inayozama, kwa pesa iliyokopwa benki. Habari yenyewe imo katika kitabu cha hesabu zilizokaguliwa, kile ambacho wengi hukipokea mlangoni siku ya mkutano na kukitumia kujikinga jua.

Mwongozo huu ni wa mkulima mwenye hisa kiwandani na akiba kwenye Sacco, ambaye hakusomea uhasibu wala hana haja ya kuusomea. Utahitaji kalamu, kikokotoo cha simu na jioni moja. Kwa kawaida kitabu huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nitataja vichwa vichache jinsi vilivyochapishwa ili uvitambue.

Kwa nini hesabu zina sheria zake

Chukua kiwanda chenye mifuko elfu kadhaa ya chai iliyolala ghalani Mombasa mwaka unapofungwa, Juni 30. Meneja mmoja angeweza kuiandika kwa bei anayoitumaini, mwingine kwa gharama ya kuitengeneza, wa tatu akasema imeshauzwa kwa kuwa mnunuzi ameonyesha nia. Vitabu vitatu, faida tatu, chai ileile. Ndiyo sababu Kenya, kupitia taasisi ya wahasibu ICPAK, ilianza kufuata viwango vya kimataifa mwaka 1999. Viwango hivyo hujulikana kwa herufi IFRS, na vile vya zamani zaidi IAS. Kwa chai iliyo ghalani kanuni iko wazi: iandikwe kwa gharama yake au kwa bei itakayopatikana sokoni baada ya kutoa gharama za kuiuza, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili.

Hata mche wa chai una kanuni yake. Zamani kampuni za mashamba makubwa ziliuthamini upya kila mwaka kama kiumbe hai, na thamani ikipanda ilihesabiwa faida ingawa hakuna senti iliyoingia. Tangu Januari 1, 2016, mche huandikwa kama mtambo: gharama ya kuupanda, halafu uchakavu mwaka hadi mwaka. Majani yanayomea juu yake ndiyo bado huthaminiwa kama kiumbe hai. Kiwanda cha wakulima wadogo huguswa kidogo na hili, maana miche ni yako wewe, haimo kwenye vitabu vyake. Lakini ukiwahi kununua hisa za kampuni ya chai katika soko la Nairobi, usilinganishe faida ya kabla ya 2016 na ya sasa bila kukumbuka hilo.

KISANDUKU: Nani anasimamia pesa yako, na inalindwa vipi

*Kiwandani.* Kiwanda ni kampuni chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, na biashara ya chai iko chini ya Sheria ya Chai ya 2020 na Bodi ya Chai ya Kenya. KTDA, wakala wa viwanda vya wakulima wadogo, huendesha kiwanda kwa mkataba. Hakuna bima ya hisa zako.

*Kwenye Sacco.* Msimamizi ni SASRA, chini ya Sheria ya Sacco ya 2008. Leseni hudumu hadi Desemba 31, na kila mwaka mpya SASRA hutangaza orodha ya zilizoruhusiwa.

*Benki.* Msimamizi ni Benki Kuu. Benki ikifungwa, shirika la KDIC hulipa hadi Sh500,000 kwa kila mwenye amana. Kiwango hicho ni kwa mtu mmoja katika benki moja, hata akiwa na akaunti tano humo.

*Onyo.* Kinga ya KDIC haifiki kwenye Sacco, wala kwenye chama cha kijijini, wala kwenye hisa. Karani akikwambia Sacco yenu "imekingwa kama benki", mwombe aonyeshe ilipoandikwa.

Hatua ya 1: Pata kitabu kizima, mapema

Karatasi moja ya muhtasari yenye picha ya mwenyekiti haitoshi. Omba kitabu chote pamoja na maelezo ya nyuma, kurasa zile zenye namba namba ambazo hakuna anayezifungua. Sheria ya Vyama vya Ushirika inataka mkutano mkuu uitishwe kwa notisi ya angalau siku 15, na hesabu zifike mbele ya wanachama ndani ya miezi minne baada ya mwaka kufungwa. Sacco zinazopokea amana hufunga Desemba 31, kwa hiyo Aprili ikiisha bila mkutano, uliza kwa nini.

Kama Sacco yenu huendeshwa kwa wajumbe, mjumbe wa eneo lako anacho kitabu au atakipata kabla yako. Mwendee nyumbani, mketi pamoja. Kumshambulia baada ya mkutano hakurudishi kura aliyokwisha kuipiga.

Hatua ya 2: Anza na ukurasa wa mkaguzi

Ruka salamu za mwenyekiti. Tafuta ripoti ya mkaguzi wa nje na usome aya ya kwanza tu, ile yenye kichwa *Opinion*. Ikiwa neno hilo limesimama peke yake, maoni ni safi. Ikiwa limetanguliwa na *Qualified*, maoni yana walakini: hesabu ziko sawa isipokuwa jambo fulani, na jambo lenyewe limeelezwa aya inayofuata. *Adverse* maana yake mkaguzi anasema hesabu hazionyeshi hali halisi. *Disclaimer* maana yake hakupata ushahidi wa kutosha hata wa kutoa maoni, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mara nyingi ina maana kwamba vitabu vyenyewe havikupatikana.

Halafu tafuta maneno *Going Concern*. Kila ripoti huyataja katika majukumu ya wakurugenzi, hapo usishtuke. Yakijitokeza kama kichwa cha aya pamoja na *Material Uncertainty*, mkaguzi ana shaka kama taasisi itafika mwaka ujao.

Mwisho wa ripoti kuna jina la mhasibu aliyeongoza ukaguzi na namba ya cheti chake. Iandike, kisha uulize ICPAK kama cheti hicho ni hai. Si ushauri wa kupita kiasi. Uchunguzi wa kampuni ya ukaguzi PwC juu ya KUSCCO, muungano ambao Sacco nyingi za Kenya ziliweka akiba zao, ulionyesha Sh13.3 bilioni zilizopotea na hesabu zilizopikwa, nyingine zikiwa na sahihi ya mkaguzi aliyekwisha kufariki. Hao waliowekeza huko hawakuwa wakulima wasiojua kusoma hesabu. Zilikuwa Sacco zenye mameneja na wahasibu wao, na hatimaye zililazimika kutenga pesa kutoka faida ya wanachama ili kufidia zilichopoteza.

Mfano wa benki ni Chase Bank. Mwaka 2016 ilitoa hesabu zake za 2015, kisha ikazitoa upya baada ya muda mfupi. Katika toleo la pili mikopo ya wakurugenzi na wafanyakazi iliongezeka kwa mabilioni ya shilingi, na mkaguzi akaweka walakini. Aprili 7, Benki Kuu iliifunga na kuikabidhi KDIC. Kati ya kuchapishwa upya na kufungwa muda ulikuwa mfupi mno.

Hatua ya 3: Kwa Sacco, pima mikopo

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa sababu mali kubwa ya Sacco ni mikopo, na mkopo usiorudi ni karatasi tu. Tangu Januari 1, 2018, kiwango cha IFRS 9 kinamtaka kila mkopeshaji atenge pesa kwa hasara anayoitarajia tangu siku ya kukopesha, si kungoja mtu ashindwe kwanza. SASRA nayo ina ngazi zake kulingana na siku za kuchelewa. Nitatumia Sacco ya kubuni yenye mikopo ya Sh100 milioni:

1. Isiyochelewa: milioni 80, hutengewa asilimia 1, yaani Sh800,000.
2. Imechelewa siku 1 hadi 30: milioni 8, asilimia 5, yaani Sh400,000.
3. Siku 31 hadi 180: milioni 6, asilimia 25, yaani Sh1,500,000.
4. Siku 181 hadi 360: milioni 3, asilimia 50, yaani Sh1,500,000.
5. Zaidi ya siku 360: milioni 3, asilimia 100, yaani Sh3,000,000.

Jumla ya fungu la tahadhari ni Sh7.2 milioni. Sasa fungua maelezo ya mikopo kwenye kitabu chenu uone wametenga ngapi. Kama Sacco hii ya mfano imetenga milioni 2 tu, basi Sh5.2 milioni za "faida" hazipo, na gawio linalotangazwa kwa shangwe linatoka katika akiba yenu wenyewe.

Kosa la kawaida hapa ni kuona fungu la tahadhari limekua na kudhani uongozi umekula. Mara nyingi ni kinyume: mwaka fungu linapopanda na gawio likashuka ndio mwaka ambao hesabu zimesema kweli. Mwenyekiti anayethubutu kutangaza gawio dogo kwa sababu hiyo anastahili kusikilizwa.

Ujanja wa kuangalia: mkopo mbovu "unapopangwa upya", unaweza kurudishwa kwenye ngazi ya kwanza kana kwamba ni mpya. Uliza ni mikopo mingapi imepangwa upya mwaka huo, na ya nani.

Hatua ya 4: Vipimo vitano vya kikokotoo

Vipimo hivi ni vya SASRA kwa Sacco zinazopokea amana. Mara nyingi vimewekwa kwenye jedwali moja karibu na mwanzo au mwisho wa kitabu. Visipokuwapo, hesabu mwenyewe.

☐ Mtaji wa msingi (hisa pamoja na akiba ya taasisi) uwe angalau Sh10 milioni.
☐ Mtaji huo ugawanye kwa mali yote: usipungue asilimia 10.
☐ Toa hisa za wanachama, kinachobaki kigawanye kwa mali yote: kisipungue asilimia 8. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini zaidi. Hisa ni pesa yako. Hiki ni kile ambacho Sacco imejijengea yenyewe miaka yote.
☐ Pesa taslimu na zinazopatikana haraka: zisipungue asilimia 15 ya akiba na madeni ya muda mfupi.
☐ Mikopo ambayo Sacco yenyewe imechukua nje: isizidi asilimia 25 ya mali yote.

Kipimo cha pesa taslimu kisome kwa jicho la chai. Desemba 31 bonasi ya Oktoba bado imo kwenye akaunti za wakulima, na Sacco huonekana imeshiba. Januari karo za shule huitoa yote. Kwa hiyo asilimia 16 mwishoni mwa Desemba kwa Sacco ya wakulima wa chai ni ndogo kuliko inavyosikika. Uliza ilikuwa ngapi Februari.

Hatua ya 5: Kwa kiwanda, anza na dola

Chai ya viwanda vyetu sehemu kubwa huuzwa mnada wa Mombasa, kwa dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu Sh160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu Sh130. Kilo ya chai iliyokaushwa ikiuzwa dola 2, mara ya kwanza ilileta Sh320, mara ya pili Sh260. Tofauti ni Sh60. Kilo moja ya chai kavu hutoka katika kilo nne na ushei za majani mabichi. Tukichukua 4.3, kilo yako ya majani imepoteza karibu Sh14 bila mtu yeyote kuiba wala kuharibu kitu.

Lakini jibu la dola lisikulaze. Viwanda jirani vya Kapset, Tirgaga na Kapkoros huuza kwa dola ileile. Tofauti kati ya kiwanda na jirani yake haitoki huko. Tafuta namba tatu na uziweke kando ya za jirani:

1. Bei ya wastani kwa kilo ya chai iliyouzwa. Ikiwa ndogo kuliko ya jirani, mjadala ni wa ubora wa majani, kuanzia kwenye kikapu chako hadi kwenye mtambo.
2. Gharama ya kutengeneza kilo moja. Igawanye mwenyewe: kuni, umeme, mishahara, usafiri wa majani, matengenezo. Mstari uliopanda haraka kuliko mingine ndio wa kuulizia.
3. Uwiano wa majani mabichi kwa chai kavu. Ukibadilika sana kutoka mwaka hadi mwaka, kuna majani yaliyopimwa yasiyofika mtamboni, au yaliyofika yakiwa na maji.

Kisha rudi kwenye chai ya ghalani. Julai 2021 bei ya chini ya dola 2.43 iliwekwa mnadani, na ikaondolewa 2024. Katikati ya muda huo chai nyingi za upande wetu wa Bonde la Ufa zilikosa mnunuzi kwa bei hiyo, zikabaki ghalani. Ukisoma hesabu za miaka ile, angalia bei iliyotumika kuthamini chai hiyo kisha uulize iliuzwa kwa ngapi baada ya Juni 30. Kama iliandikwa juu na kuuzwa chini, bonasi ya mwaka mmoja ilipambwa na ya mwaka uliofuata ikalipa.

Hatua ya 6: Ndugu na jamaa wa hesabu

Maelezo yenye kichwa *Related Parties* ni ya watu na kampuni zenye uhusiano na wanaoendesha taasisi. Kwa Sacco, hapo utaona mikopo ya wakurugenzi na wafanyakazi. Mkurugenzi kukopa si kosa, naye ni mwanachama. Linganisha ukuaji: mikopo ya wanachama ikipanda asilimia 5 na ya viongozi asilimia 40, hapo kuna swali.

Kwa kiwanda, maelezo haya huwa marefu kwa sababu KTDA ina kampuni zake tanzu: KTDA Management Services husimamia, Chai Trading hufanya biashara ya chai, KETEPA hufunga pakiti, Majani Insurance Brokers hushughulikia bima, TEMEC hutengeneza mitambo, Greenland Fedha hukopesha wakulima. Viwanda ndivyo vyenye hisa katika KTDA, kwa hiyo kwa njia ndefu ni kampuni zako. Hiyo haina maana kwamba bei zao ni nzuri. Uliza kiasi kilicholipwa kila moja, kama kulikuwa na bei ya kampuni nyingine ya kulinganisha, na gawio gani limerudi kiwandani. Deni ambalo mojawapo ya kampuni hizo inadaiwa na kiwanda, likisimama vilevile miaka miwili mfululizo, lina hadithi.

Makosa manne ya mkutanoni

*Kuuliza jumla.* "Pesa zetu ziko wapi?" hupigiwa makofi na hujibiwa kwa hotuba. Sema: "Mwenyekiti, ukurasa wa 24, maelezo namba 12, mstari wa pili, mbona umepanda kutoka milioni tatu hadi tisa?" Swali lenye ukurasa halina pa kukimbilia.

*Kuidhinisha mkaguzi bila kuuliza.* Ajenda ya kumteua mkaguzi huja mwishoni, watu wakinusa chakula. Ni kura nzito kuliko ile ya gawio. Uliza amekaa miaka mingapi, na kama anafanyia kiwanda au Sacco kazi nyingine ya malipo.

*Kuchanganya faida na pesa.* Faida inaweza kuwa kwenye madeni ambayo hayajalipwa. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha: ikiwa faida ni chanya na pesa kutoka shughuli za kawaida ni hasi miaka miwili, faida hiyo haijafika nyumbani.

*Kutoandikwa.* Omba swali lako na jibu lake viingie kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu hizo zisomwe mwakani kabla ya mengine.

Ukipata jambo lisiloeleweka

Kwa Sacco, anza na kamati ya usimamizi, ile iliyochaguliwa na wanachama kuwachunguza wakurugenzi. Iandikie barua, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Pasipo jibu, nenda SASRA ikiwa Sacco ina leseni yake, au kwa afisa wa ushirika wa kaunti mjini Bomet. Wanachama wana uzito zaidi wakiwa pamoja: theluthi moja ya waliohudhuria na kupiga kura kwenye mkutano uliotangazwa ipasavyo inaweza kumwomba Kamishna wa Ushirika aamuru uchunguzi wa vitabu. Mgogoro kati ya mwanachama na chama hupelekwa Mahakama ya Ushirika, na huko ile barua yenye muhuri ndiyo itakayokufungulia mlango.

Kwa kiwanda, mwandikie mkurugenzi wa eneo lako na katibu wa kampuni, kisha Bodi ya Chai ya Kenya. Taja jina la kampuni kama lilivyo kwenye jalada la hesabu, mwaka wa hesabu, ukurasa, na namba yako ya mkulima. Ambatisha nakala ya ukurasa unaoulizia, ukiwa umeuzungushia mstari wenyewe kwa kalamu.